Mtoto wa Mgumu Aliyebebwa

Naanza na aibu yangu, ili nisije nikaonekana nawahubiria. Mimi ni mtoto wa mgumu. Kwa wasiotoka Kilimanjaro: mgumu ni mbeba mizigo wa mlimani, yule anayetangulia na hema, meza, viti na mtungi wa gesi ili mgeni akifika kambini akute chai tayari. Baba ameifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa. Ada yangu ya sekondari, sare, hata godoro nililokuja nalo chuoni mwaka wa kwanza, vyote vimepanda na kushuka Machame na Marangu kichwani kwake. Na Septemba mwaka jana mimi, binti yake, mwenye miaka 22 na miguu yote miwili, nilishushwa mlima nikiwa nimekaa kwenye kapu, mgongoni mwa mwanamume wa rika la Baba.

Mlima wenyewe hauko kwetu. Uko India, jimbo la Uttarakhand, karibu na mpaka wa China, na juu yake kuna ziwa, na kando ya ziwa kuna Hemkund Sahib, moja ya mahali ambapo Masikh huenda kuhiji. Nilikuwa Delhi kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, na mwenzangu wa chumbani alikuwa Msikh kutoka Ludhiana. Bibi yake, ambaye wote tulimwita Naniji, alikuwa na miaka 74 na alikuwa amesema mwaka huo haupiti bila yeye kufika Hemkund. Rafiki yangu akaniuliza kama nataka kwenda nao. Nikamwambia, dada, mimi nimezaliwa chini ya Kilimanjaro, unaniuliza habari za mlima? Kumbukeni hilo jibu, maana litarudi.

Nikiri pia kwamba kabla ya safari hiyo nilichokijua kuhusu Masikh kilijaa kwenye kijiko. Kwetu tunawaita masingasinga, Wakenya wanasema Kalasinga, na kwa wengi wetu neno hilo lina maana ya kilemba, ndevu na gereji. Tunasahau kwamba wengi walikuja na ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, na wengine wakabaki kwa sababu huku ndiko walikokuwa na kazi. Aliyewahi kusafiri kwa barabara kati ya Nairobi na Mombasa huenda anaijua gurdwara ya Makindu, iliyopo tangu 1926, ambapo msafiri yeyote anakula na kulala bila kudaiwa chochote. Gurdwara ndiyo nyumba yao ya ibada, na kila gurdwara ina jiko. Jiko hilo na chakula chake huitwa langar. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini kwenye mstari na mwenzako yeyote atakayekuwa kando yako, unapakuliwa. Utaratibu huu umetoka enzi za Guru Nanak, mwasisi wao aliyezaliwa mwaka 1469, na ulikuwa na makali yake katika nchi ambayo watu wa tabaka moja hawakuwa tayari kula na wa tabaka jingine.

Tulisafiri usiku hadi Rishikesh, tukalala kwenye gurdwara ya pale bila kuulizwa dini. Kesho yake tulikuwa barabarani kutwa nzima, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine. Tulipita Joshimath, mji ambao Januari 2023 kuta za nyumba zake zilipasuka kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa inazama. Jioni tukafika Govindghat, mahali ambapo mafuriko ya Juni 2013 yalizoa daraja na majengo. Nayasema haya sasa kwa sababu baadaye nitazungumzia ujenzi, na ni vizuri ujue ni mlima wa namna gani tunaousemea. Milima ile bado inaporomoka. Njiani unapita mahali ambapo jana palikuwa na barabara na leo tingatinga linaichonga upya.

Kutoka Govindghat gari dogo linakusogeza kilomita chache hadi kijiji cha Pulna. Kuanzia hapo ni miguu, kama kilomita 10, hadi Ghangaria, kijiji kilichoko takriban mita 3,000 ambacho watu wake huhama wakati wa theluji. Unalala hapo. Alfajiri unapanda kilomita 6 za mwisho hadi ziwani, mita zaidi ya 4,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa wanaoijua Kilimanjaro, ni juu ya Horombo na chini ya Kibo. Hakuna anayeruhusiwa kulala huko. Mchana ukifika wote mnashuka.

Asiyeweza kutembea ana njia mbili. Ya kwanza ni nyumbu. (Si wale wa Serengeti. Namsema huyu mtoto wa punda na farasi, ambaye kwa Kiswahili naye tunamwita nyumbu.) Naniji alipanda nyumbu. Ya pili inaitwa kandi, kapu lenye kiti ndani, mkanda wake unapita kwenye paji la uso la mbebaji, na wewe unakaa ukiangalia nyuma, mgongo wako kwenye mgongo wake. Wabebaji wengi wanatoka Nepal, wanakuja kwa msimu. Siku ya kwanza nilipowaona wakipanda na wazee makapuni nilisimama pembeni ya njia nikashindwa kuangalia. Namna walivyokanyaga niliijua. Baba anakanyaga hivyohivyo: hatua fupi, kisigino kinatua kwanza kwenye jiwe lililokwisha kujaribiwa kwa macho, na pumzi zinahesabiwa.

Kuhusu mahali penyewe nisiwe mchoyo. Guru Gobind Singh, wa 10 na wa mwisho kati ya Maguru wao waliokuwa wanadamu, alizaliwa mwaka 1666. Katika utenzi unaoitwa Bachittar Natak anasimuliwa kwamba katika maisha ya kabla ya haya alikuwa akitafakari mahali panapoitwa Hemkunt, penye vilele saba. Vizazi vilipita. Ni katika miaka ya 1930 ndipo Masikh wachache, mmoja wao Sant Sohan Singh, walipoliona ziwa hili, wakahesabu vilele, wakasema ni hapa. Kikajengwa chumba kidogo cha mawe. Jengo la leo ni la baadaye, paa lake limeinamishwa sana ili theluji ya miezi yote ile iteleze na isilivunje. Lakini ziwa halikuwa halina wenyewe. Watu wa bonde lile walikuwa wakiliita Lokpal na kuliabudia tangu zamani, na hekalu dogo la Kihindu la Lakshman liko hapohapo kando ya gurdwara, na mtu anatoka huku anaingia kule. Nilipenda kwamba hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Siku tuliyofika, vilele niliona vitatu. Vingine vilikuwa ndani ya mawingu. Wanaume walikuwa wanajitosa ziwani, wanatoka wamekuwa wekundu, wanaita jina la Mungu kwa sauti ambayo nusu ni ibada na nusu ni baridi. Wanawake wana sehemu yao iliyofunikwa. Rafiki yangu alizama mara tatu. Naniji, ambaye nilidhani atanyunyiziwa tu, alizama pia, akatoka anacheka kama mtoto aliyeiba embe. Mimi nilinawa uso na vidole vikafa ganzi. Ndani ya ukumbi unapewa blanketi unajifunika, unakaa, nyimbo zinaimbwa mbele ya kitabu chao, Guru Granth Sahib, ambacho kwao ndicho Guru aliye hai. Sikuelewa neno. Nilikaa nusu saa na sikutamani kutoka.

Halafu langar. Chai ya maziwa ya moto na mseto wa mchele na dengu. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile na sitegemei kula tena, kwa sababu ile ladha inataka kwanza upigwe na baridi la mita elfu nne. Aliyenipakulia alikuwa mzee mwenye saa ya bei mbaya mkononi. Nje, kwenye chumba cha viatu, mzee mwingine alikuwa anapokea viatu vya watu vyenye tope na kuvifuta kwa kitambaa, kimoja kimoja. Rafiki yangu akanong'ona kwamba yule ni mkandarasi mkubwa, ana malori. Huko Ludhiana hafuti hata vyake. Hiyo wanaiita seva, huduma ya kujitolea, na kwao ni ibada kamili. Kufuta kiatu cha mtu usiyemjua kunaponda majivuno.

Nikiwa na bakuli mkononi nikajiuliza swali la nyumbani kwetu: huu mchele umefikaje huku? Barabara hakuna. Kila punje, kila kipande cha sukari, mtungi wa gesi uliochemsha ile chai, na hata blanketi nililojifunika, vilipanda kwenye mgongo wa nyumbu au wa mtu. Kabla mzee wa saa hajanipakulia kwa seva, kulikuwa na mtu aliyebeba gunia kwa ujira. Yule mzee nilimwona na watu walimwinamia kwa heshima. Wa gunia sikumwona na sikumsikia akitajwa.

Na mpaka hapo bado nilikuwa najiona mimi ni mwenzao wa hao wa gunia. Dakika kumi baadaye nikatapika.

Nilikuwa nimepanda vibaya. Kutoka Delhi, ambako ni kama usawa wa bahari, hadi kule juu kwa siku tatu, na ile asubuhi niliwapita vijana wa Kipunjabi mmoja mmoja, najionyesha. Baba amewaambia wageni maelfu "pole pole", na mlima, husema, haupandwi kwa sifa. Kichwa kikaanza kugonga, macho yakaona mawili mawili, miguu ikagoma. Dawa ya ugonjwa huo kila mtoto wa Marangu anaijua. Ni kushuka, na ni sasa hivi. Nilijaribu. Nilipiga hatua kama arobaini nikaketi kwenye tope.

Mbebaji aliyekuwa anapumzika karibu akaja. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye suweta ya kijani na raba zilizofungwa kwa kamba. Akaniita didi, yaani dada mkubwa, ingawa angeweza kunizaa. Akataja bei yake hadi Ghangaria. Na mimi, nikiwa nimekaa kwenye matapishi yangu, nikamwambia rafiki yangu: "Mwambie apunguze."

Naomba msome tena hiyo sentensi. Nilikuwa na hoja zangu. Bumu la India lilikuwa limebaki kidogo, nauli ya kurudi Delhi ilikuwa haijalipwa, na wote huwa tunapatana bei, ndivyo soko lilivyo. Akapunguza. Alipunguza haraka mno, kwa namna niliyoijua pia, kwa sababu siku ilikuwa inaisha na hakuwa amepata mtu wa kushuka naye, na kushuka mtupu ni hasara tupu.

Nina kilo 58. Kule Kilimanjaro mzigo wa mgumu una kikomo, kilo 20, na unapimwa kwenye mizani getini kabla hajaanza kupanda. Haukuja wenyewe huo utaratibu, watu walipiga kelele hadi ukapatikana, na bado ukiwauliza wagumu watakuambia mengine. Kuna kampuni iliyomlipa Baba nusu ya siku zake na ikamwambia nyingine atadai kwenye bahashishi. Lakini angalau mizani ipo. Mimi nilikuwa karibu mara tatu ya kikomo cha Baba, na hakuna aliyenipima.

Kwenye kandi unaangalia ulikotoka. Nikaiona gurdwara inapanda na kupungua hadi ikawa paa, kisha ukungu. Ukuta wa kapu ulikuwa mwembamba, nikawa nasikia pumzi yake mgongoni kwangu. Pale penye ngazi za mawe mwili wake wote ulikuwa unatetemeka kidogo kila anapotua, halafu unatulia. Mara mbili alisimama akaegemeza kapu kwenye fimbo yake, akauliza, "Didi, kichwa?" Kila mita mia tulizoshuka nilipata nafuu. Katikati ya njia nilikuwa mzima kabisa ningeweza kutembea, na sikusema. Hilo nalo naliandika. Nilibaki ndani ya kapu kama robo saa nzima kwa sababu tulishapatana bei, na kwa sababu miguu ilikuwa imechoka na pale palikuwa pazuri kukaa. Nilipoona aibu imezidi nikamwomba anishushe, tukatembea wote kilomita zilizobaki, kapu tupu mgongoni kwake.

Ghangaria pana gurdwara nyingine, na jioni ile tulikaa kwenye mstari mmoja, yeye, mimi, rafiki yangu, Naniji, na mstari ukaendelea hadi ukutani. Chapati ileile, dengu zilezile, sakafu ileile. Aliyekuwa anagawa hakumwongezea Naniji wala kumpunguzia mbebaji. Kwa nusu saa ile tulikuwa sawa kabisa, na usidhani nakejeli. Nimekaa kwenye semina nyingi za elimu jumuishi na sijaona somo likifundishwa kwa uwazi namna ile. Kisha tukanawa, tukavaa viatu, na nje ya mlango alikuwepo mtu mwingine anamwuliza mbebaji wangu bei ya kesho, na kumwambia apunguze.

Hapo ndipo nina ugomvi. Kubeba ni kazi ileile. Akibeba tajiri ndoo ya dengu kwa saa moja, ni seva, tunampiga picha. Akibeba maskini mtu mzima kwa kilomita sita, ni bei gani. Dini yenyewe haina kosa, maana ndani ya ule mlango imeshasema yote yanayotakiwa kusemwa. Sisi tunaopita ndio tunaoiacha ile sheria kwenye chumba cha viatu. Na wasomaji wa Kitivo cha Elimu wasijifanye hili liko mbali. Sisi tumeimbiwa tangu mwaka wa kwanza kwamba ualimu ni wito. Ni maneno mazuri, mpaka uone yanatumika lini. Mara nyingi nimeyasikia mtu akianza kuuliza mshahara.

Sasa, kuna jambo ambalo litaibadilisha ile njia yote. Machi 2025 Baraza la Mawaziri la India liliidhinisha mradi wa magari ya waya, yale mabehewa yanayoning'inia, kutoka Govindghat hadi Hemkund Sahib. Kilomita 12.4, gharama zaidi ya rupia bilioni 27, uwezo wa kupandisha watu 1,100 kwa saa. Sisi nasi tuna mjadala wetu. Mwaka 2019 Serikali ilisema inaangalia uwezekano wa kuweka magari ya waya Kilimanjaro, na Moshi nzima ikawa haizungumzi kingine. Nilikuwa sekondari, nikasimama kwenye mdahalo nikapinga kwa dakika tano. Nilisema mlima una heshima yake na jasho ndilo tiketi. Nikashangiliwa.

Kule Ghangaria nilisikia hotuba yangu ikirudiwa kwa Kipunjabi. Kijana mmoja aliyekaa nasi alisema waya utaua maana ya hija, kwa sababu uchungu wa njia ndio unaomsafisha mtu. Naniji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na rafiki yangu akanitafsiria, kwamba mumewe alitaka kuja hapa kwa miaka kumi na moja. Nyumbu alimwogopa, mgongo wa mtu hakutaka kuupanda, kwa sababu alisema hawezi kumfanya mwanadamu mwenzake punda halafu akaombe baraka. Akafa hajafika. "Huo uchungu wa njia," akamwuliza yule kijana, "yeye alisafishwa na upi?"

Kijana hakujibu, na mimi hotuba yangu ya sekondari ilianza kunikaa vibaya. Anayesema jasho ndiyo ibada aseme ni jasho la nani. Wengi wa wanaopinga waya kwa jina la ugumu wa njia, mizigo yao ilipanda na mtu mwingine. Mimi mwenyewe nilipinga Kilimanjaro isiguswe na sijawahi kubeba hata ndoo ya mgeni.

Lakini wanaoushabikia nao hawajafika mbali. Nilimwuliza mbebaji wangu anauonaje. Alifikiri kidogo. Akasema waya ukija atarudi Nepal, na huko hakuna kazi, ndiyo maana yuko hapa. Halafu akagusa kiuno akasema, "Ila hiki kitashukuru." Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amemwuliza kabla yangu, na mimi nilimwuliza kwa bahati, kwa sababu nilihitaji kuongea chochote nisifikirie kuhusu ile bei.

Makala ya maoni isiyo na msimamo ni barua ya salamu, kwa hiyo wangu ni huu. Kwa Hemkund, siwezi tena kumwambia mzee wa miaka 74 kwamba Mungu wake yuko juu na magoti yake yabaki chini. Waya ukijengwa nitaelewa. Ila kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, wenye nyumbu, wenye vibanda vya chai wa lile bonde na wale Wanepali wawe ndani ya hesabu, kwa kazi au kwa fidia, kama saruji ilivyo ndani ya hesabu. Jambo la pili ni la kitabibu, na nalisema kwa tumbo langu: kumtoa mtu mita 1,800 na kumtua mita 4,300 ndani ya asubuhi moja si huruma kama juu hakuna daktari na oksijeni ya kutosha. Mimi nilichukua siku tatu na nikaanguka. Wapandishe 1,100 kwa saa, wengi wao wazee, halafu uone. Na huo mlima unaoporomoka kila masika, waliosimamia nguzo waueleze watu wa bonde kwanza, kabla ya magazeti.

Kwa Kilimanjaro bado nasema hapana, ingawa si kwa sababu niliyoitoa kwenye mdahalo. Heshima ya mlima sijui hata ni nini. Nasema hapana kwa sababu kwetu hakuna bibi anayekufa na kiu ya kilele cha Uhuru. Anayepanda kwetu amelipia raha ya kupanda, na anaweza kabisa kuwalipa vizuri wanaombebea hiyo raha. Atakayepoteza ni mgumu, na atakayepata ni mwenye waya. Siku akitokea mtu wa kuniambia Baba atafanya nini Jumatatu baada ya waya kufunguliwa, nitamsikiliza.

Na wakati tunasubiri waya, kule na huku, kuna mambo ya kesho asubuhi ambayo hayahitaji rupia bilioni. Bei iliyobandikwa ukutani, isiyopunguzwa na mgonjwa wala mwenye afya. Mizani. Mahali pakavu pa kulala mbebaji. Gurdwara zile zimeweza kupika chai kwenye mita elfu nne, sijaona ni kwa nini zishindwe kusimamisha mizani kwenye mita elfu tatu.

Niliporudi Delhi nilimpigia Baba. Nilitaka kumwambia habari za ziwa.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Umeshuka salama?"

Nikamweleza yote, hata kapu. Kwenye kapu akanyamaza, nikasikia redio yake nyuma. Akaniuliza kichwa kinaendeleaje, nikamwambia kimepona. Akauliza yule bwana ana umri gani, nikamwambia. Akauliza njia ilikuwa na mawe au udongo, alikuwa na fimbo moja au mbili, na kama goti lake alilifunga. Maswali ya kazini. Nikajibu niliyoyaona.

"Mlipatana kabla hujapanda?"

"Tulipatana, Baba."

"Ulipunguza?"

Nikamwambia mtandao unakatika.